Tiketi ya kuzunguka dunia: ndege za mwisho unaweza kuziacha, ila chunga begi

Mkuu, umesema tiketi yako ilianzia Johannesburg, umebakiza London–Doha na Doha–Johannesburg, na unataka kubaki kwanza London kwa kaka yako. Unauliza ukiziacha hizo mbili kuna kesi?

Mimi niliacha moja. Nami nilianzia Johannesburg, maana bei ya tiketi hizi hutegemea nchi unayoanzia, na masharti yanakutaka umalizie nchi hiyohiyo. Sasa mtu wa Dar ukishafika Doha, Johannesburg unafuata nini tena? Nikanunua tiketi ya pembeni Doha–Dar.

Kilichonitoa jasho ni begi. Dada wa kaunta pale London alishaanza kulibandika tagi ya JNB, yaani Johannesburg. Nikamwomba liishie Doha, akagoma. Na ukiliacha liende hivyo halafu wewe usipande, watakutangaza jina uwanja mzima huku wakilishusha. Nikalifungua palepale sakafuni, nikavaa makoti mawili, zawadi za Tokyo nikamwachia binamu aliyenisindikiza, nikabaki na kibegi cha mkononi. Wewe ukiziacha zote mbili kuanzia London, haya hayakuhusu.

Kinachoua ni kuacha kipande cha katikati, yaani ndege mojawapo kabla ya zile za mwisho. Jamaa niliyekuwa naye alitoka Los Angeles hadi New York kwa basi, akijua ndege ya London inamsubiri. Kufika kaunta, vipande vyote vilivyobaki vimeshafutwa. Vinatumika kwa mpangilio, basi. Ukitaka kupita nchi kavu, iandikwe kwenye tiketi mapema, na kwa tiketi zetu hizi hicho nacho kinahesabiwa ndani ya vipande 16 unavyoruhusiwa.

Kuhusu kushtakiwa: Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani, walimpeleka mahakamani abiria aliyekata tiketi ya Oslo–Seattle kwenda na kurudi kupitia Frankfurt. Wakati wa kurudi akaishia Frankfurt, ile ya mwisho ya Oslo akaiacha, akaenda zake Berlin. Wakamdai zaidi ya euro 2,000, mahakama ya Berlin ikatupa madai hayo Desemba 2018. Lakini usijidanganye, masharti mengi yanayaruhusu mashirika ya ndege kukupigia hesabu ya nauli upya. Kwa mtu aliyefanya mara moja sijaona wakihangaika naye. Ukiufanya mchezo, tena kwa namba ileile ya maili (ya kukusanyia pointi za safari), hapo unawachokoza mwenyewe.

Ila ningekuwa wewe, nisingeziacha bado. Tiketi inaishi miezi 12 tangu ndege ya kwanza, na yangu ilikuwa inabadilishwa tarehe bure. Kubadili njia ndiko kulikolipiwa. Wapigie simu kabla ya siku ya safari, si baada, wasogeze zote mbili hadi wiki ya mwisho kabla tiketi haijafa. Usipozitumia hujapoteza kitu. Ukikumbuka nyumbani, panda ya kwanza ushukie Doha, na hapo rudi usome tena habari ya begi.