Barua kwa Mwanangu: Yule Kindi wa Mwezi wa Nane

Cedar Rapids, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikitoka kazini, nikausoma tena leo baada ya ibada. Nimeona nisikupigie simu. Mambo haya nikiyasema kwa mdomo nitayakatiza katikati, kwa hiyo acha niyaandike.

Umesema mwalimu wenu wa biolojia amewafundisha habari za kulungu wa huku kwetu Iowa, wale waliopimwa kuanzia Aprili 2020 hadi Januari 2021. Kati ya 283, kulungu 94 walikutwa na virusi vya korona, na katika wiki zile za mwisho ilikuwa zaidi ya 80 kwa kila mia. Umesema waliowaambukiza ni watu. Ndipo ukamkumbuka yule mtoto wa kindi, ukaniuliza: "Mama, siku ile ulinifokea kwa sababu uliogopa atatuletea ugonjwa? Na mimi nilipolala, ulimtupa wapi?"

Kumbe umekaa naye moyoni miaka yote hii. Na mimi pia.

Ile dhoruba ya Agosti 2020 ilitukuta tumeshachoka, hilo ulijue kwanza. Wewe ulikuwa na miaka 13. Shule zilifungwa mwezi wa tatu mkabaki mezani watoto watatu, kompyuta moja. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili mto Mulongwe ulifurika kule kwetu Uvira, Kongo, maji yakabeba nyumba na watu, na ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi yako ukaanguka. Alilala kanisani na majirani zake, wamebanana, wakati huku redioni tunaambiwa tusikaribiane. Sikuweza kwenda. Nilituma pesa nikalia jikoni ili msinione.

Halafu Mei baba yako akaanza kukohoa. Unajua alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nyama, kwenye mstari wa kukatia, bega kwa bega na wenzake, na barakoa ziliwafikia watu wakiwa wameshaanza kuugua. Alikaa chumbani peke yake siku 16. Nilikuwa nagonga mara mbili, naweka sahani chini, narudi nyuma hatua tano, ndipo anafungua. Wewe ulikuwa unaweka sikio mlangoni usikie kama bado anapumua. Ulidhani sikuoni. Nilikuwa nakuona kila usiku. Alipopona, kifua hakikurudi kama zamani, na mwezi wa nane alikuwa bado hawezi kulala chali.

Basi ikaja Jumatatu ile, tarehe 10 Agosti. Ilikuwa mchana, saa sita na nusu hivi, nami naosha mchele. Nikaona upande wa magharibi mbingu imegeuka rangi ya chupa ya kijani. Nimeona mvua za Tanganyika, nimeona upepo wa Nyarugusu uking'oa maturubai ya kambi nzima ya wakimbizi, ila sijawahi kuona kitu kama kile. Upepo ule haukuzunguka. Ulikuja umenyooka, na ndiyo maana wanauita derecho, neno la Kihispania lenye maana hiyo hiyo. Asubuhi ulikuwa upande wa Dakota Kusini na usiku ukafika Ohio, kilomita zaidi ya 1,200 kwa saa 14. Hapa mjini, upande wetu huu wa kusini-magharibi, watu wa hali ya hewa walikadiria ulifika kilomita 225 kwa saa. Dhoruba za radi tulizozizoea hupiga dakika chache zikapita. Ile ilikaa karibu dakika 45, sisi watano ndani ya bafu, godoro juu ya vichwa, baba yako akihesabu pumzi zake kwa sauti ili asikohoe. Paa lilipochanika nilidhani jengo zima linaanguka.

Yaliyofuata unayakumbuka: mahema kwenye nyasi mbele ya majengo, sisi na Warundi na Wanyarwanda na zile familia za visiwa vya Micronesia. Umeme hakuna, simu haishiki. Watu wa misaada walipokuja, wengine walisema twende kwenye makazi ya muda, nami nikakataa kwa sababu ya kifua cha baba yako. Ukumbi mmoja wenye watu wengi wanaokohoa niliuogopa kuliko mvua. Friza zikayeyuka. Tukawasha majiko ya mkaa, kila mama akaleta alichokuwa amekiweka, kuku, sombe, samaki, tukapika vyote siku ile ile kabla havijaharibika. Ni ndagala wakavu tu waliotuvumilia mpaka mwisho wa wiki. Vilivyooza vilirundikwa kando ya barabara kwenye mifuko myeusi, na usiku rakuni walikuja kuipasua. Na miti! Huu mji ulipoteza zaidi ya nusu ya kivuli chake mchana mmoja. Mialoni iliyopandwa kabla hata ya babu za watu hawa kuzaliwa ilikuwa imelala, mizizi juu.

Jumatano wanaume wakaja na misumeno ya mashine, wakaukata ule mwaloni ulioangukia maegesho. Jioni ukatokea wewe nyuma ya magari, mikono umeikunja pamoja kama mtu anayebeba maji. Ukanifungulia. Nilimwona vizuri, mwanangu. Alikuwa bado hajafumbua macho. Manyoya mgongoni mepesi kama vumbi la unga, tumbo wazi la waridi, mkia bado mwembamba kama utepe. Ukasema, "Mama, ameanguka kutoka kwenye mti, nimlaze na mimi."

Nami nikapiga kelele. Nikasema, "Mtupe! Mtupe huko, unataka kutuua?" Mbele ya watu wote. Mama wa Kirundi aliyekuwa anachochea mkaa aliacha akaniangalia. Ukamweka chini ya ngazi, ukaingia hemani, ukajifunika shuka usoni.

Uliuliza niliogopa nini. Niliogopa ugonjwa, ni kweli. Siku zile watu walisema korona imetoka kwa popo, imetoka kwa wanyama wa porini, na sisi tulikuwa tunalala chini, kati ya panya na rakuni. Niliogopa pia kichaa cha mbwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba hapa Iowa wa kuogopwa kwa hilo ni popo na nyegere wa huku wenye harufu, na kwamba kindi ni nadra mno. Lakini kuna woga mwingine wa zamani zaidi. Nimekulia Uvira, kando ya ziwa. Kiboko akitoka majini jioni kula majani, mtu anampisha, wala hasimami kati yake na maji. Marehemu babu yako alitufundisha kwamba mnyama wa porini ana njia yake, na ukiiingilia, mmoja wenu ataumia. Nilipokuona umembeba yule mdogo, niliona nimeshindwa kuwalinda na upepo, nimeshindwa kuwalinda na ugonjwa, na sasa unaniletea mikononi kitu kingine cha kufa. Kwamba angekufa nilikuwa na hakika. Sikutaka afie mikononi mwako. Wewe uliyekuwa unasikiliza pumzi za baba yako mlangoni.

Ningekueleza hivyo, ungenielewa. Nilifoka badala yake. Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa hujakosa kitu.

Sasa nikuambie usiku ulivyokwenda.

Sikumtupa. Nyote mlipolala, akaanza kulia. Sikujua kama kiumbe mdogo vile ana sauti, nyembamba na kali kama mlango wenye kutu. Baba yako alikuwa macho, ameegemea mifuko ya nguo. Akaniambia neno moja tu, "Nenda."

Nikavaa barakoa mbili, zile nilizoshona kwa kitenge, nikatoka na tochi. Nikamkuta chini ya ngazi pale pale, amekunjamana. Nikaenda kwenye gogo walilokata, nikamulika ndani ya tundu lake. Majani makavu na nyuzi za gunia zilikuwa zimetapakaa, na kati yake kulikuwa na mwingine. Alikuwa wa baridi kama kokoto ya mtoni lakini mbavu zikienda. Ndugu yake. Wewe hukumwona huyo.

Nilifanya nilichokijua. Kaka yako alipozaliwa kule Nyarugusu hajatimiza miezi, nesi aliniambia: joto kwanza, chakula baadaye. Basi nikapasha maji kwenye makaa yaliyobaki, nikajaza chupa ya soda, nikaizungushia nguo ya kwanza niliyoishika gizani, nikaipanga ndani ya sanduku la viatu vya baba yako. Nguo ile ilikuwa sweta yako ya njano. Nikawalaza wote wawili. Maji yalipopoa nikapasha mengine. Nilifanya hivyo mara tatu.

Alfajiri yule mwingine hakuwepo tena. Nilimzika nyuma ya maegesho kwa kutumia mwiko wa ugali, nikamfunika na sweta yako, maana sikuweza kumtoa ndani yake. Uliitafuta mpaka theluji ikaanza, nami nikakuambia ilikwenda na takataka. Nilikudanganya.

Asubuhi hiyo akapita yule bibi wa Kimarekani wa nyumba nyeupe, anayetunza ndege waliovunjika mabawa. Akasimama mbali, barakoa usoni, akanielekeza kwa mikono zaidi kuliko maneno, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa bado kidogo. Nisimpe maziwa ya ng'ombe, yatamuua. Nimrudishe pale alipoanguka, joto lisimtoke, niwazuie watu na mbwa. Mama kindi hamkatai mtoto wake kwa sababu ya harufu ya mtu, hivyo akiwa hai atakuja, ila usiku hatembei, ningoje jua lipande. Nikaweka sanduku juu ya kisiki, nikakaa nyuma ya turubai. Niliwaambia nafua. Sikufua.

Saa nne kasoro akaja. Kindi wa rangi ya kutu, sikio moja limechanika. Akapanda kisiki, akakimbia. Akarudi, akakimbia tena, kwa sababu misumeno ilikuwa inalia mtaa wa pili. Mara ya tatu akaingiza kichwa ndani ya sanduku, akamgeuza mtoto kwa mikono yake midogo, akamshika tumboni kwa meno, na yule mtoto akajikunja akamzunguka mama yake shingoni kama kola. Akavuka naye maegesho, juu ya magogo, mpaka kwenye ule mti mmoja uliobaki umesimama karibu na kanisa. Nilikuwa nimefunga mdomo kwa mikono yote miwili.

Ningekuita wakati ule. Nilisimama nije. Lakini akarudi, mwanangu. Alirudi kumchukua wa pili. Akaingia sandukuni, akanusa pembe zote, akatoka, akashuka, akazunguka kisiki, akapanda tena, akanusa tena. Mara nne nilizihesabu. Nami nilijua nilipomweka, na sikuwa na namna ya kumwambia.

Hiyo ndiyo sababu sikukuambia kamwe. Ningekupa habari njema ya yule wako, ungeniuliza kwa nini nalia, na ningelazimika kukupa ya mwingine. Nikaona umebeba ya kutosha. Sikujua kwamba kwa kunyamaza nilikuwa nimekuachia mzigo mzito zaidi, wa kudhani mama yako alimtupa kiumbe kinachopumua.

Habari ya kulungu nimeisoma mara mbili ili niielewe. Nilivaa barakoa mbili usiku ule nikidhani najikinga na yeye. Kama mambo ndivyo yalivyo, basi huenda kama kuna aliyekingwa ni yeye, kutoka kwangu mimi niliyetoka kumwuguza mgonjwa. Usiache kunitumia mambo hayo mnayofundishwa. Nayapenda.

Mji unaendelea kupanda miti, mradi wanauita ReLeaf, na mbele ya jengo letu wameweka miwili, bado inashikiliwa na vigingi. Ukija likizo tutatembea mpaka nyuma ya maegesho nikuonyeshe pale.

Baba yako amesoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema nimesahau jambo moja: kwamba usiku ule alitoka hemani akakaa kwenye kiti cha plastiki, na sahani ya bati na kijiko, akiwafukuza rakuni wasifike kwenye sanduku, mpaka kukapambazuka. Ni kweli. Alikuwa bado hawezi kupanda ngazi bila kupumzika, lakini alikaa.

Mama yako