Mkeka wa bibi umeachia mshono

SWALI: Shikamoo shangazi. Bibi yangu wa Pemba alinisukia mkeka wa ukindu nilipoolewa. Umeachia katikati, na watoto ndipo wanapolala mchana. Niutupe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiutupe! Mkeka ni ukili, yaani ukanda mrefu wa ukindu uliosukwa, ulioshonwa ubavu kwa ubavu. Kilichokatika ni mshono tu. Nyunyizia maji kidogo ulainike, kisha ushone taratibu kwa uzi imara. Usiuanike juani, rangi itapauka.

Mimi ninao wa bibi yangu. Pembeni ukili umepinda kidogo: alikuwa akiusuka kwa mwanga wa kandili huku akiniuguza surua. Fundi alitaka kupanyoosha, nikamkatalia. Huwa napapapasa kwa kidole kabla ya kulala. Bibi yako akiwa hai, mpelekee mkashone pamoja.