Kabla ya Kumwita Mwenzako Mwenye Kiburi

Kwa miaka mitatu nilifanya kazi na mtu ambaye vikaoni hakufungua kinywa, na mimi, ambaye kunyamaza hunishinda, nikakata shauri kwamba ana kiburi. Siku moja tukabaki wawili tu, akanieleza kwa utulivu kasoro za mpango nilioutetea asubuhi ile kwa sauti kubwa. Majibu alikuwa nayo. Alichohitaji ni muda wa kuyapanga kabla ya kusema.

Aibu hiyo ndiyo iliyonisukuma kusoma saikolojia ya hulka. Mwaka 1936 wanasaikolojia Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakakusanya maneno yapatayo 18,000 yanayowaeleza watu walivyo. Watafiti waliowafuata waliyachuja, na leo wengi wao hutumia sifa kuu tano: uchangamfu, upole kwa wengine, bidii na utaratibu, wepesi wa kupata wasiwasi, na kupenda mawazo mapya. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila sifa hupimwa kwa kiwango, kama urefu wa kimo, na watu wengi huangukia katikati. Ndiyo maana siyaamini sana majaribio ya maswali yanayomtia mtu katika aina moja ya hulka kati ya kumi na sita. Nilipolirudia moja baada ya miezi michache, nikawa mtu wa aina nyingine.

Basi ninashauri kwamba unapomsema mtu, taja alichofanya na mahali alipokifanyia, kwa kuwa “hakuchangia kikaoni” ni jambo linaloweza kuzungumzwa na kurekebishwa, ilhali “ana kiburi” ni hukumu. Wape watu ajenda mapema, na upokee maoni kwa maandishi pia. Usitarajie, hata hivyo, kumgeuza mkimya kuwa msemaji: tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za hulka baina ya watu inahusiana na urithi. Mabadiliko yapo, ila huja polepole. Kwa wastani, watu huzidi kuwa wapole na wenye kujali wajibu kadiri umri unavyosonga.

Mwenzangu yule, tulipozoeana, alikiri kwamba naye kwa muda wote huo aliniona mtu wa kujionyesha.