Swali la viazi lilikuja, na bado mwanangu akakosa

Dada wa Uyole, umeuliza kama umpeleke binti yako wa darasa la sita kambi ya masomo ya mwezi mzima, apite intavyuu za shule binafsi na baadaye achaguliwe shule za serikali za vipaji maalumu. Baba yake anasema mwenye akili hafundishwi mtihani. Mimi nilishakuwa upande wako, ukaniunguza. Ila na shemeji hajapatia.

Kwanza tutenganishe. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora zote mbili, Kilakala, Msalato, hizo ndizo za vipaji maalumu: huko mtoto hufanyi mpango wa kumpeleka intavyuu. Wanachaguliwa kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, ule wa Septemba wa nchi nzima. Akija mtu kukuuzia "maandalizi ya intavyuu ya Ilboru", mpe chai aende zake. Intavyuu ni za shule binafsi na seminari, na kila moja ina karatasi yake.

Sasa yangu. Kijana wangu wa kwanza nilimtafutia mwalimu wa twisheni. Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya mnaijua, mtoto anatoka kajifunga shuka la kimasai hadi masikioni. Jioni tena. Nilipata kopi za pasti pepa za shule tuliyoilenga, miaka mitano yote, akazila zikaisha. Ukimsomea swali nusu, anakumalizia na jibu. Kazini nilikuwa natamba kama vile nimefaulu mimi.

Siku ikafika, tukapanda basi kwenda Iringa. Alitoka kwenye chumba cha mtihani anacheka. Wakati wa kurudi, tumeshaiacha Mafinga, akaniambia, "Baba, lile la viazi limekuja!" Nalijua: mkulima ana magunia manne, kila gunia debe sita, kila debe shilingi 5,000, amepata kiasi gani. Nikamuuliza ameandika nini. "Laki moja na ishirini." Nikampiga begani, safi sana. Halafu sijui nini kilinituma, nikauliza magunia yalikuwa mangapi. Akanyamaza, akageukia dirishani. Tulikuwa tumeingia stendi ya Makambako, wauza mahindi wanagonga vioo, ndipo akasema polepole, "Yalikuwa matano."

Hakupita. Nafasi ile nilishaisahau, kilichoniuma ni kilichofuata. Mwaka mzima baadaye ukimpa hesabu, kabla hajashika kalamu anauliza, "Hili lilishatoka?" Leo yuko kidato cha tatu shule ya kata, anafanya vizuri Kiswahili na Historia, hesabu anazipita kwa mbali kama mbwa mkali. Hilo nalibeba mimi, mwalimu nilimlipa afanye vile vile nilivyotaka.

Kwa hiyo mdogo wake wa kike nikaamua simgusi kabisa, maneno ya shemeji hayo hayo. Bahati nzuri siku moja nikamwekea karatasi ya majaribio na fomu ya kusiliba, ile ya kutia weusi herufi ya jibu, nione tu. Alipata 11 kati ya 40. Nikashangaa, maana yule ni mwepesi. Kukagua, kumbe aliruka swali la saba, jibu la nane akalisiliba mstari wa saba, na kuanzia hapo kila kitu kikasogea. Alipogundua akaanza kufuta, kifutio chenyewe cha mwisho wa penseli, karatasi ikatoboka. Nilipoyarudisha majibu kwenye mistari yake, alikuwa na 34. Hapo utasema mtoto hana akili?

Hicho ndicho nilichomfundisha, basi. Kwamba darasa la saba, wakati ule, kila somo lilikuwa na maswali 45, 40 ya kusiliba na matano ya kuandika. Kwamba ukiruka swali, ruka na mstari wake. Saa iwe ukutani. Karatasi moja kila Jumamosi, kwa wiki sita, tukimaliza tunazungumza kuhusu alizokosa tu, tena nikimuuliza alifikiri nini, sio jibu ni lipi.

Hesabu zenyewe alizipata sokoni. Mama yake ananunua viazi Mwanjelwa, akawa anaenda naye. Siku moja wakanunua debe, muuzaji anapima kwa sado. Binti akahesabu: sado lita nne, debe lita ishirini, zitoke tano. Lakini debe lao la nyumbani likataka sado sita ndipo lijae. Akageuza ile sado, kitako kimegongwa kwa ndani! Muuzaji alikasirika, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Pasti pepa gani ingemfundisha hilo?

Wenzetu Marekani nao yamewakuta. Jiji la New York lilikuwa linawapima watoto wa miaka minne ili waingie madarasa ya wenye vipaji, wazazi wenye hela wakawa wananunua vitabu na walimu wa kuwanoa. Mwaka 2021 waliuacha ule mtihani. Miaka minne jamani, mtoto bado analala mchana.

Binti alifanya intavyuu mbili, akapita moja, ada ikatushinda. Darasa la saba akapata A, vipaji maalumu hakuchaguliwa. Yuko shule ya kutwa hapa hapa, na sado bado anazigeuza.

Wako muulize kwanza anataka nini, halafu mpe karatasi moja na fomu, ukae naye umtazame anavyoijaza, usimsaidie. Utaona mwenyewe tatizo liko kwenye somo au kwenye mstari. Kama ni somo, mwalimu wake wa darasa kwa saa mbili za wiki anatosha. Na kama kambi umeshalipia kianzio, kadai leo, shule zikishafungwa simu zao huwa hazipokelewi.