"Kinapumua tu," nilijiambia

Kijana mmoja aliyemaliza uhandisi wa petroli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amenitumia ujumbe: "Kaka, nataka nifike huko baharini ulipo. Nianze na cheti gani?" Chukua cha IWCF, kile cha kudhibiti presha ya visima, mdogo wangu. Ila mimi usiku ule nilikuwa nacho begini, na hakikunisaidia.

Tulikuwa Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskoti, kwenye kisima cha gesi chenye presha ya zaidi ya psi 10,000 na joto linalopita sentigredi 150. Kazi yangu ni kukodolea skrini na kuhesabu tope la kuchorongea linalorudi juu kutoka kisimani. Kisima kilikuwa kinapumua: pampu zikifanya kazi mwamba unaachia nyufa na kunywa tope, zikizimwa unalitema. Kila tukizima pampu ili kuunga bomba jingine nilikuwa naandika daftarini: mapipa 9, 9, 10, kisha mtiririko unalegea. Saa tisa usiku yakaja 10, 12, 14. Haulegei: huenda ni gesi inayoingia.

Nikanyamaza. Siku tatu kabla nilimpigia simu mchorongaji, yule anayeendesha mtambo, kwa hofu kama hiyo, ikawa si kitu, na bosi wa zamu akaniita mtoto mbele ya meza nzima ya chakula. Bado inaniuma. Basi nikajiambia kinapumua tu.

Dakika nne nzima! Mchorongaji ndiye aliyeshtuka mwenyewe akafunga vali. Gesi ilikuwa imeshaingia, na ilituchukua siku mbili kuitoa kidogo kidogo. Tope letu lilikuwa la mafuta. Humo gesi huyeyuka ikajificha, ikikaribia juu ndipo inafumuka.

Mtambo wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Meksiko, 2010: walipopima kama kisima kimezibwa sawasawa, bomba lilisoma presha ya psi 1,400 palipotakiwa sifuri. Wakapata maelezo ya kuwaridhisha, wakaendelea. Kisima kikalipuka, wakafa watu 11.

Kwa hiyo vijana, acheni aibu. Andika mapipa ya kila bomba, linganisha na ya nyuma yake, na ukiona haulegei piga simu. Kisima kifungwe kwanza, maswali baadaye. Wakikucheka, piga tena. Nasema tena: piga simu!

Bosi yule hakuniomba radhi hadi leo. Ila zamu iliyofuata, kila tulipounga bomba, simu yangu ililia, na ni yeye: "Mapipa mangapi?"