Maswali na Majibu: Ilitokea Kweli, au Ni Mfano?

Je, Yona alimezwa na samaki kweli?

Swali hili haliishi kuletwa, na wengi wanaolileta huonekana wameishia sura ya pili. Kitabu kina sura nne tu, kimalizeni kwanza. Yona mwana wa Amitai anatajwa pia katika 2 Wafalme 14:25, kwa hiyo nabii mwenyewe hakuzuliwa. Lakini kitabu kinachowavika magunia hata wanyama wa Ninawi kimewafanya waumini wengi wakisome kama hadithi ya kufundishia. Wengine, waumini vilevile, wanashikilia kuwa ni tukio. Wote wanabaki na swali la Mungu linalofunga kitabu: asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000? Yona alikasirika kwa sababu adui zake walisamehewa. Kubishana juu ya tumbo la samaki kunatuepusha na hilo, na ninaamini ndiyo maana tunapenda kubishana hivyo.

Biblia inasema dunia ina miaka 6,000. Je, ni kweli?

Haisemi hivyo popote. Askofu James Ussher ndiye aliyepiga hesabu na kuchapisha mwaka 1650 kwamba uumbaji ulikuwa 4004 KK.

Siku sita za uumbaji ni za saa 24?

Jua linawekwa siku ya nne. Origene, mwalimu wa kanisa la kale, aliliona hilo katika karne ya 3, akauliza siku tatu za mwanzo zilikuwaje bila jua. Someni tena Mwanzo 1 na 2 kwa mfululizo: katika sura ya kwanza wanyama wanamtangulia binadamu, katika ya pili mtu anaumbwa kabla yao. Anayehubiri kwamba usomaji wa mafumbo ni uzushi wa wasomi wa siku hizi hajui mababa wa kanisa waliandika nini.

Basi hata ufufuo ni mfano?

Hapana. Katika 1 Wakorintho 15 Paulo anataja mashahidi zaidi ya 500 kwa mpigo, wengi wao wakiwa bado hai, na anakiri kwamba kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure. Unaweza kumkatalia Paulo, lakini usimgeuzie maneno yawe fumbo. Miti inayojitafutia mfalme katika Waamuzi 9 ndiyo fumbo, na Yothamu, aliyelisimulia, aliwaeleza watu wa Shekemu papo hapo inawahusu vipi.

Mchungaji wetu anataka kila neno lichukuliwe kama lilivyo.

Hata yeye hafanyi hivyo, maana Mathayo 5:29 inaamuru kung'oa jicho linalokukosesha. Angalieni anachochagua. Nimewasikia wahubiri wakilishika neno kwa neno andiko la zaka, Malaki 3:10, halafu wakifika Mathayo 19:21, uza ulivyo navyo uwape maskini, ghafla ni lugha ya picha. Hapo pana hatari kubwa kuliko ya samaki wa Yona. Mwombeni ayafafanue yote mawili kwa kipimo kimoja, mbele ya waumini wote.