Tableti ya mtumba ya kuongozea muziki

Ndugu, nimeelewa kwamba simu itabaki kidhibiti kikuu cha spika zako zisizotumia waya, nawe unatafuta tableti ya mtumba iwe ya pili. Kabla ya bei, angalia toleo la chini kabisa la mfumo endeshi ambalo programu ya spika hizo inakubali, kwa kuwa tableti ya Apple iPad Air ya 2013 iliishia mfumo wa iOS 12, ilhali iPad Air 2 ya 2014 ilifika mfumo wa iPadOS 15. Muuzaji aondoe akaunti yake kwenye tableti mbele yako. Mimi niliwahi kubaki na kioo kinachodai nenosiri la mtu nisiyempata tena. Betri iliyochoka inavumilika, lakini kioo kikiwa kimeinuka pembeni, betri imevimba: usiichaji, mwachie fundi.